Mji wa shaba ulipomsikiliza gavana: uchambuzi wa kisa cha Katanga, 1991–1993

Tarehe 15 Agosti 1992, Kongamano Kuu la Taifa la Zaire, Kongo ya leo, lililokuwa likikutana Kinshasa lilimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, kwa zaidi ya asilimia 70 ya kura. Aliyepoteza kiti ni Nguz Karl-i-Bond, mwana wa Katanga, jimbo la migodi ya shaba. Habari zilipofika Lubumbashi, makao makuu ya jimbo hilo, wafuasi wa Tshisekedi, wengi wao wenye asili ya eneo jirani la Kasai, walishangilia barabarani, na vijana wa chama cha Nguz wakawavamia. Fujo hazikuishia hapo. Ziliingia Likasi, na Machi 1993 zikafika Kolwezi. Zilipotulia, mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamefukuzwa katika jimbo ambalo wengi wao walizaliwa humo, na baba zao kabla yao.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ukabila, na msimuliaji akishasema hivyo huona amemaliza. Mimi nadhani hajaanza. Swali linalonisumbua ni la wale waliokuja kusikiliza: fundi wa kiwanda, mwalimu, mama muuza bunga, yaani unga. Kwa nini walijaa kwenye mikutano ya gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na kumpigia makofi? Ndilo swali linaloulizwa Ufaransa kila kura za Marine Le Pen zinapopanda, Marekani tangu ushindi wa Donald Trump wa 2016, na Ujerumani tangu chama cha AfD, cha mrengo mkali wa kulia, kilipoongoza uchaguzi wa Thuringia Septemba 2024. Kyungu hakuwa mtu wa mrengo wa kulia kwa maana wanayoijua Ulaya. Hakuwa na habari na mijadala yao ya kodi na soko huria. Lakini wito wake ulikuwa wa aina moja na wao: wenyeji mmedhulumiwa, aliyewadhulumu anaishi mtaani kwenu, na wakubwa wanamlinda.

Jibu langu nalisema mapema. Watu walimfuata kwa sababu alisema nusu ya ukweli ambayo hakuna mwanasiasa mwingine aliyeitamka mbele yao kwa Kiswahili chao. Uongo ulikuwa katika nusu ya pili, na wapinzani wake walihangaika na huo uongo bila kuigusa nusu ya kwanza.

Baba na mama

Mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, na baada ya 1967 wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, hakulipwa mshahara tu. Alipewa nyumba kambini, shule ya watoto, hospitali ya kujifungulia mke wake, na posho. Siku ya posho wanawake walipanga foleni wakiwa na mifuko na vyombo, karani akasoma jina la mume na idadi ya watoto walioandikwa, na kipimo cha bunga kikatoka kulingana na hiyo idadi. Mtoto aliyezaliwa aliongeza kipimo. Watu wa makambi walisema kampuni ndiyo baba na mama, na walimaanisha hivyo hasa, maana chakula, dawa na daftari la shule vyote vilitoka mlango mmoja.

Mlango huo ulifungwa haraka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, pale Kolwezi, uliporomoka. Oktoba 1991 Lubumbashi iliporwa na wanajeshi, raia wakaingia nyuma yao. Kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ilichelewa, na ilipokuja, thamani ya zaire, fedha ya nchi, ilikuwa imeshayeyuka.

Kwa nini ilianguka? Leo sababu zinajulikana. Kwa miaka mingi fedha za shaba zilipitia Sozacom, shirika la serikali lililouza madini kwa niaba ya Gécamines, na sehemu kubwa haikurudi mgodini. Utawala wa Rais Mobutu uliitumia kampuni kama mfuko wake. Mashine zilichakaa bila kubadilishwa, madeni yakalimbikizana, bei ya shaba ikayumba. Sasa jiweke mahali pa fundi wa kiwanda cha Shituru, Likasi, mwaka 1992. Ni ipi kati ya sababu hizo anaiona kwa macho? Hakuna hata moja. Sozacom haina uso. Deni liko kwenye makaratasi ya Kinshasa na Brussels. Anachokiona kila asubuhi ni shefu wa idara yake, ambaye bado ana ofisi na bado ana nyumba nzuri, na jina lake ni la Kasai.

Hapo ndipo kisa chote kimefungwa. Kisababishi kiko mbali na jirani yuko karibu, na mwanasiasa anayegeuza kisababishi cha mbali kiwe mtu wa karibu anampa msikilizaji kitu ambacho mchumi hawezi kumpa: jambo la kufanya leo jioni.

Nusu iliyokuwa kweli

Kyungu hakubuni kwamba Wakasai walikuwa wengi maofisini. Kampuni za kikoloni ndizo zilizopanga hivyo. Katanga ya kusini ilikuwa na watu wachache, nayo Union Minière ilihitaji mikono, ikaitafuta Kasai na kwingineko. Mwaka 1928 reli ya BCK ilifika hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ikikatiza Kasai, na kuanzia hapo treni zikaleta wafanyakazi pamoja na familia zao. Waliopata shule za misheni mapema wakawa makarani, mafundi, waendeshaji wa reli. Mzungu alipohitaji msaidizi aliyejua kusoma, alimchukua aliyemkuta tayari.

Desemba 1957, Wabelgiji walipofanya uchaguzi wa kwanza wa mitaa jijini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, walioibuka mameya wa mitaa ya Waafrika walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga ya kusini. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Mkatanga kupiga kura, na jioni yake aligundua kwamba kwao anatawaliwa na mgeni. Mwaka uliofuata, 1958, ikazaliwa Conakat, chama cha Moïse Tshombe na Godefroid Munongo, na Julai 1960 wakatangaza kujitenga kwa Katanga. Mtu anayetaka kuelewa 1992 na asiijue 1957 atababaika. Jeraha lilikuwa la miaka 35, na katika miaka yote ya chama kimoja lilikatazwa kutajwa. Mobutu hata jina la Katanga alilifuta, jimbo likaitwa Shaba.

Sehemu nyingine ya ukweli huo: utajiri wa jimbo uliilisha Kinshasa. Hilo kila mtu wa Lubumbashi alilijua, na alilijua akiwa anakunywa maji ya kisima chini ya nguzo za umeme unaopita kwenda kwingine.

Kwa hiyo Kyungu alipopanda jukwaani na kusema hadharani kwamba jimbo limenyonywa, na kwamba mtoto wa hapa hukosa kazi hapa, msikilizaji alisikia mambo mawili ya kweli mfululizo, tena kwa ulimi mtamu, maana huyu bwana alisifika kwa kuhutubia. Ukishasikia mawili ya kweli, la tatu unalipokea bila kulipima. Na la tatu lilikuwa hili: watu wa Kasai wakiondoka, maisha yatarudi. Waliitwa bilulu, wadudu. Jina hilo lilitumika mikutanoni na mitaani mpaka watoto wakalichukua.

Aliyekuwa anasema ni nani

Wapo wanaoamini kwamba mwanasiasa wa namna hii hutoka nje ya mfumo, mtu safi aliyechoshwa. Katika kisa hiki hali ni tofauti kabisa. Nguz alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Mobutu. Alihukumiwa kifo mwaka 1977, akasamehewa, akawa waziri mkuu, akakimbilia uhamishoni, akarudi, akawa balozi Marekani. Kyungu naye alikuwa miongoni mwa wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua maarufu ya mwaka 1980, pamoja na huyo huyo Étienne Tshisekedi. Walikuwa wenzake. Walifungwa kwa sababu moja. Hata mwaka 1991, chama cha Nguz na Kyungu, UFERI, kilikuwa upande mmoja wa upinzani na UDPS ya Tshisekedi.

Kilichobadilika ni Novemba 1991. Mobutu, akiwa amebanwa na upinzani ulioungana, alimpa Nguz uwaziri mkuu, na Kyungu akawa gavana wa Shaba. Kuanzia hapo Tshisekedi aliyekuwa mwenza akawa adui, na watu wote wa kwao Kasai wakawa adui. Nasisitiza mfuatano huu kwa sababu unatuonyesha kwamba hasira ya watu ilikuwepo kabla, lakini mwelekeo wake ulichaguliwa juu. Mwaka 1990 hasira ile ile ilimlenga Mobutu. Mwezi Mei mwaka huo wanafunzi waliuawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi, na jiji zima lilijua mkono wa nani umepita. Miaka miwili baadaye Mobutu alikuwa amesahaulika kwenye mikutano, na aliyetazamwa ni jirani.

Stesheni ya Likasi

Waliofukuzwa Likasi walikimbilia stesheni, kwa kuwa treni ndiyo njia pekee ya kufika Kasai, kupitia Kamina na Mwene-Ditu. Treni hazikuja. Familia zilikaa hapo kwa majuma, nyingine kwa miezi, kwenye majukwaa, kando ya reli, ndani ya madarasa ya shule za karibu. Walikuja na walichoweza kubeba: godoro, cherehani, sufuria, mabati yaliyong'olewa kwenye paa la nyumba. Walipika katikati ya mizigo. Magonjwa yaliwaua watoto hapo hapo, na treni ilipofika mabehewa yalijazwa hadi juu ya paa, wengine wakafia njiani. Ni reli ile ile ya 1928.

Nayaandika haya kirefu kwa sababu uchambuzi wa siasa una tabia ya kuwaonea huruma wapiga makofi na kuwasahau waliokaa kwenye mabehewa. Kuelewa kwa nini fundi wa Shituru alishangilia hakufuti alichokishangilia.

Kisha linakuja jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka. Kwa familia kadhaa, ahadi ilitimia. Nyumba zilibaki wazi, na mtu akahamia. Nafasi za kazi zilibaki wazi Gécamines, na mtu akapandishwa cheo. Shefu mpya alipatikana, wa hapa. Mtu huyo huenda hakurusha jiwe hata moja. Labda alimsaidia jirani kufunga mizigo. Lakini kuanzia usiku wa kwanza aliolala katika nyumba ile, alihitaji maneno ya gavana yawe kweli. Kama Wakasai hawakuwa wezi, basi yeye ni nani? Nadhani hapa ndipo uaminifu kwa wanasiasa hawa unapotiwa saruji. Watafiti wengi hutafuta sababu za watu kuvutwa, na hawachunguzi vya kutosha sababu za watu kushindwa kuachana nao hata baada ya ahadi kubwa kuanguka. Na ahadi kubwa ilianguka: wahandisi na mafundi wa reli walipoondoka, shaba ilizidi kushuka, na mwaka 1994 ilikuwa kama tani 30,000. Posho haikurudi. Aliyepata nyumba hakuliona hilo kuwa jibu la swali lake.

Mji mwingine wa migodi

Kwa wale wanaodhani haya ni ya Afrika, tuutazame mji mdogo wa Hénin-Beaumont, kaskazini mwa Ufaransa, kwenye bonde la makaa ya mawe. Huko pia kampuni ya mgodi ilimiliki nyumba, shule na zahanati. Huko pia wafanyakazi waliletwa kutoka mbali: Wapolandi miaka ya 1920, Wamoroko baadaye. Huko pia, uchumi ulipobana, wageni walipandishwa treni: Agosti 1934 wachimbaji wa Kipolandi wa Leforest, kijiji jirani, walifukuzwa nchini pamoja na familia zao baada ya mgomo. Mmoja wao alikuwa kijana Edward Gierek, ambaye miaka mingi baadaye aliiongoza Poland.

Mgodi wa mwisho wa bonde hilo, wa Oignies, ulifungwa Desemba 1990, miezi mitatu tu baada ya Kamoto kuporomoka. Mwaka 2003 kiwanda cha Metaleurop, hapo karibu, kikafungwa na zaidi ya watu 800 wakakosa kazi. Ni mwaka huo huo Gécamines ilipoanza kuwaaga zaidi ya wafanyakazi 10,000 katika mpango ulioitwa wa hiari. Utawala wa mji ulikuwa wa wasoshalisti tangu zamani, na mwaka 2009 meya wao alikamatwa kwa kashfa ya fedha za umma. Machi 2014 chama cha Le Pen kilishinda umeya katika duru ya kwanza, kwa kura zilizozidi nusu kidogo. Miaka mitatu baadaye Marine Le Pen mwenyewe akawa mbunge wa jimbo hilo.

Tofauti zipo, na kubwa. Hénin-Beaumont hakuna aliyelala stesheni. Kuna mahakama, kuna malipo ya wasio na kazi, na kura huhesabiwa. Lakini wajukuu wa Wapolandi waliowahi kuitwa wageni leo wamo miongoni mwa wanaokipigia kura chama kinachowanyooshea kidole wageni wa sasa. Hilo linanisaidia kuelewa kwamba mstari wa mwenyeji na mgeni haupo tangu enzi. Huchorwa upya kila mkate unapopungua, na anayeuchora hujiweka upande wa ndani.

Kosa la upande wa pili

UDPS na vyama vingine vilimjibu Kyungu kwa kusema kwamba sisi sote ni Wazairwa, kwamba adui ni Mobutu, kwamba Mobutu akiondoka mambo yatanyooka. Yalikuwa maneno mazuri, na kuhusu Mobutu yalikuwa kweli. Ila hayakumjibu kijana wa Likasi aliyetaka kujua kazi hutolewaje pale Gécamines. Hakuna aliyemwambia: ndiyo, upendeleo ulikuwepo, ulianzishwa na Wabelgiji, umeendelea mpaka leo katika idara fulani, na hivi ndivyo tutakavyoufungua. Waliogopa kwamba kukiri upendeleo ni kumpa gavana silaha. Kwa kunyamaza walimwachia silaha yote.

Na Lubumbashi? Hapa damu ilimwagika, lakini Wakasai wengi walibaki, tofauti na Likasi na Kolwezi. Nionavyo, sababu ni muundo wa jiji. Likasi na Kolwezi ziliishi kwa mwajiri mmoja, na nyumba ya mtu ilikuwa ya kampuni. Ukifukuzwa kazini umefukuzwa nyumbani. Lubumbashi ilikuwa na maduka, masoko, chuo kikuu, reli, ofisi za jimbo, na watu wenye viwanja vyao Katuba, Kenya na Ruashi. Mama wa Katanga alimnunulia mama wa Kasai bidhaa, na kesho akamkopesha. Pale mtu anapokula kwa milango mingi, ni vigumu kumshawishi kwamba jirani mmoja ndiye aliyefunga wote.

Kyungu aliondolewa ugavana mwaka 1995, lakini siasa haikumwacha. Uchaguzi wa 2006 ulipofika, wapiga kura walimrudisha, akawa spika wa bunge la jimbo la Katanga. Watu walimchagua wakijua yote. Juni 2019 Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, alimteua kuwa mwenyekiti wa bodi ya shirika la reli, SNCC. Alifariki Agosti 2021.

Mwezi mmoja kabla ya kifo chake, Julai 2021, bungeni Kinshasa uliwasilishwa muswada wa kutaka urais uwe wa aliyezaliwa na baba na mama Wakongomani tu. Wengi waliuona umemlenga Moïse Katumbi, mtu wa Katanga ambaye baba yake alikuwa Myahudi kutoka Ugiriki. Safari hii aliyewekwa nje ya mstari alikuwa Mkatanga. Wakati huo huo vijana kutoka Kasai wanaendelea kuingia Lubumbashi na Kolwezi kutafuta riziki, wanaendesha pikipiki, wanauza barabarani, na kila wizi wa usiku ukitokea, kuna sauti inayozunguka kwenye simu ikiwataja wao.

Kisababishi cha mbali, kwa sasa, kinaweza kuonyeshwa kwa karibu kuliko mwaka 1992. Sheria ya madini ya 2018 inasema mrabaha, yaani malipo ya kampuni za migodi kwa madini wanayoyatoa, ugawanywe: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au sekta yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 15 ni hesabu ya mtaani. Mgombea akija Likasi au Fungurume na kuanza kuorodhesha majina ya watu wa kuja, aulizwe pale pale jukwaani, mbele ya watu wote: baba, mwaka jana asilimia 15 yetu ilikuwa faranga ngapi, ilipokelewa na nani, na ilijenga nini? Vyama vinavyompinga navyo vije na karatasi ya hesabu hiyo mkononi, viibandike sokoni, kwa Kiswahili, kabla yeye hajafika.